Namna ya Kukusanya na Kupima Alama za Harufu za Panya Mdogo wa Nyumbani

Mtu anayefungua ghala lililofungwa kwa wiki mbili hupokewa na uvundo mkali wa panya kabla hajaona hata kinyesi kimoja. Kwa panya anayepita hapo, uvundo huo una habari nyingi: nani ameweka mkojo mahali hapa, ni dume au jike, ni mwenyeji au mgeni, na alama yake ni ya usiku wa leo au ya juzi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzikusanya alama hizo, kuzipima protini zilizomo, na kuandaa jaribio la kuona jinsi panya wengine wanavyozipokea. Nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia, walimu wao, na mafundi sanifu wa maabara ambao wana friza, sentrifuji ndogo, vifaa vya kuendeshea jeli na spektrofotomita ya kawaida. Mnyama ninayemtumia ni Mus musculus, yaani panya mdogo wa nyumbani, kwa sababu mawasiliano yake ya harufu yamechunguzwa kwa kina kuliko ya mgugunaji mwingine yeyote.

Unachokishika mkononi

Jambo moja ndilo linaloamua kila hatua itakayofuata. Alama ya harufu ya panya ina sehemu mbili zinazosafiri pamoja lakini huharibika kwa njia tofauti. Sehemu ya kwanza ni kemikali ndogo zinazopanda hewani, ambazo hata pua ya binadamu huzinusa. Sehemu ya pili ni protini, ambayo kwetu haina harufu, haipandi hewani, na hubaki pale pale ilipodondoka mpaka mvua, sabuni au bakteria waiondoe. Anayeitunza sehemu moja na kuipoteza nyingine hupata matokeo ambayo hayaelezeki, na mara nyingi humlaumu panya kwa kosa ambalo limetokea kwenye kichupa.

Protini zenyewe huitwa protini kuu za mkojo, na kwa kifupi cha kimataifa huandikwa MUP. Zimo katika ukoo wa lipokalini. Kila molekuli ina umbo la pipa dogo lililosukwa kwa mikanda minane, na ndani ya pipa hilo mna uwazi usiopatana na maji, ambamo kemikali zenye harufu hujibanza. Katika mkojo wa dume wageni wakuu wa uwazi huo ni wawili, nao ni kemikali ya jamii ya thiazoli na nyingine iitwayo dehidro-brevikomini. Kemikali hizi zikiachwa peke yake hupotea hewani upesi, lakini zikiwa ndani ya pipa hutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi, na ndiyo sababu alama ya dume huendelea kunuka muda mrefu baada ya mkojo kukauka.

Ingawa watu huzizungumzia protini hizi pamoja na tezi za harufu, nyingi hutengenezwa kwenye ini, huingia katika damu, huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Panya mdogo mwenye afya humwaga protini kwa wingi ambao daktari akiukuta katika mkojo wa mtu ataagiza figo zipimwe siku hiyo hiyo. Dume humwaga kiasi kikubwa kuliko jike mara kadhaa. Tezi huongeza sehemu yake njiani: tezi za govi, ambazo ni jozi ya vifuko bapa chini ya ngozi karibu na uume, hutia kemikali za jamii ya farnesini ndani ya mkojo wa dume. Tezi za machozi nazo hutoa peptidi yake, ESP1, ambayo kundi la watafiti wa Tokyo liliitangaza mwaka 2005. Jike hukutana nayo anaponusanusa uso wa dume, na humfanya awe tayari zaidi kupandwa. Kwa hiyo anayepima mkojo peke yake asiseme kwamba amepima mawasiliano yote ya mnyama huyu.

Jeni zinazounda protini hizi zimejipanga katika kundi moja kwenye kromosomu ya 4, na katika panya wa maabara aliyesomwa jinomu yake ni kama 21. Panya wa mwituni kila mmoja huwasha mchanganyiko wake, hivyo mkojo wake hubeba kitu kinachofanana na saini. Mwaka 2001 Jane Hurst, Robert Beynon na wenzao walionyesha kwamba panya hutumia saini hiyo kutambuana mmoja mmoja. Mwaka 2010 kundi hilo likatangaza protini moja ya madume, darsini, yenye uzito wa daltoni 18,893, ambayo humvutia jike hata kabla hajamjua dume mwenyewe.

Kabla ya kumgusa mnyama

Vibali hutangulia. Nchini Tanzania utafiti hupewa kibali na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ukihusisha wanyama wa porini TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, nayo huhusika. Nchini Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na KWS, shirika la wanyamapori, kwa wanyama wa porini. Kamati ya maadili ya chuo chako lazima isome utaratibu wako wote, pamoja na maelezo ya nini kitawapata wanyama baada ya jaribio.

Usalama wa anayekusanya ni suala ambalo nimeona likipuuzwa hata na watu wazoefu. Mkojo wa panya aliyenaswa nje ya maabara unaweza kubeba leptospira, bakteria wa homa ya mgunda, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi. Bakteria hao hupita kwenye mchubuko mdogo wa ngozi, na pia kwenye utando wa macho na mdomo. Vaa glavu mbili, funika jeraha lolote, vaa miwani ya kujikinga, na usile wala kunywa chumbani humo. Panya wa maabara waliozaliwa katika vizimba safi hawana hatari hiyo kwa kiwango kile, lakini wana nyingine: protini hizi hizi unazozipima ndizo chanzo kikuu cha mzio wa panya, na wataalamu wa mzio huziita Mus m 1. Fundi anayebadilisha matandiko ya vizimba kila siku bila barakoa huvuta vumbi lenye protini iliyokauka, na baada ya miezi anaweza kuanza kupiga chafya, kuwashwa macho, na hatimaye kubanwa na pumu. Barakoa ya kuchuja vumbi ni kifaa cha lazima katika kazi hii, sawa na pipeti.

Kuchagua wanyama

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika kabla hayajaanza. Panya wa koo za maabara, kama C57BL/6 na BALB/c, wamezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka wamekuwa kama mapacha. Madume wawili wa ukoo mmoja wana saini moja. Ukiwatumia kuuliza kama jike humtambua dume A na kumtofautisha na dume B kwa protini zake, umeuliza swali lisilo na jibu. Kwa swali la utambuzi unahitaji panya wa mwituni, au vizazi vya kwanza vya panya wa mwituni waliozaliwa kizimbani, au walau madume wa koo mbili tofauti. Kwa swali la darsini, kumbuka kwamba madume wa C57BL/6 huitoa ilhali wa BALB/c hawaitoi, tofauti ambayo imewasaidia watafiti wengi kwa sababu huwapa sampuli ya kulinganishia iliyo tayari kimaumbile.

Chagua madume waliokomaa, wenye umri wa miezi mitatu au zaidi. Watenge kila mmoja katika kizimba chake wiki mbili kabla ya kukusanya, kwa sababu dume anayeishi na mbabe wake hupunguza kuweka alama. Majike watakaojaribiwa waishi wawili wawili au watatu watatu, katika chumba kisicho na madume.

Chumba hicho cha majike kinahitaji uangalizi wa pekee. Majike waliokusanywa pamoja bila harufu ya dume huchelewa kuingia kwenye joto, na wakiletewa harufu ya dume wengi wao huingia karibu usiku wa tatu. Wesley Whitten aliliona jambo hili katika miaka ya 1950, nasi tunaweza kulitumia: siku tatu kabla ya jaribio weka kiganja kimoja cha matandiko yaliyochafuliwa na dume ndani ya vizimba vya majike. Dume huyo asiwe miongoni mwa wale ambao mkojo wao utajaribiwa, la sivyo majike watakuwa wamekwisha kumfahamu. Kama unazalisha panya wako mwenyewe, usipitishe madume wageni karibu na majike waliopandwa siku chache zilizopita. Hilda Bruce alitangaza mwaka 1959 kwamba harufu ya dume mgeni humfanya jike apoteze mimba changa, na fundi asiyejua hili huishia kushangaa kwa nini majike wake hawazai.

Kukusanya mkojo

Njia iliyo bora kwa mnyama na kwa protini ni ya kumwacha akojoe mwenyewe. Chukua sanduku la plastiki lenye sakafu ya wavu wa chuma, liweke juu ya sinia safi la plastiki au la kioo, na mwache panya humo kwa muda usiozidi saa mbili. Wavu huzuia asikanyage mkojo wake, na hurahisisha kuona kinyesi kinapodondoka. Pita kila baada ya dakika kumi na tano. Kila tone unaloliona likiwa peke yake, mbali na kinyesi, livute kwa pipeti na ulitie kwenye kichupa kilichokaa ndani ya barafu. Tone lililogusa kinyesi liache, hata kama ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu bakteria na vimeng'enya vya kinyesi huanza kuikata protini mara moja.

Panya wengine hukojoa pale pale wanaposhikwa mkia, kwa hiyo uwe na kichupa mkononi kabla ya kufungua kizimba. Kwa dume mmoja utarajie mikrolita 50 hadi 200 kwa kikao. Zungusha mkojo kwenye sentrifuji kwa dakika tano ili nywele na vumbi vizame, gawanya sehemu ya juu katika vichupa vya mikrolita 20, na uvigandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kugawanya ni muhimu kwa sababu ya zile sehemu mbili za alama: kila mara unapoyeyusha na kugandisha tena, na kila mara unapofungua kifuniko, kemikali tete hupungua hata kama protini imebaki salama. Kichupa kilichoyeyushwa mara moja kitumike, na mabaki yake yaende kwenye jeli, yasirudi kwenye jaribio la tabia.

Andika kwenye kichupa namba ya mnyama, tarehe na saa. Kwa jike andika pia hali ya mzunguko wake, kwa kuwa mzunguko huo ni wa siku nne au tano tu na mkojo hubadilika nao.

Kusoma karatasi chini ya taa

Kama huna fedha za kemikali, anza na hatua hii, ambayo kwangu ndiyo inayofundisha zaidi kuliko zote. Kata karatasi nyeupe ya chujio itoshe sakafu ya kizimba, itandike, mwache dume humo kwa saa moja jioni, kisha itoe na uikaushe. Zima taa za chumba na uiangaze kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365, ukiwa umevaa miwani inayozuia mionzi hiyo. Mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya samawati iliyofifia, na karatasi iliyoonekana tupu hugeuka ramani.

Mwaka 1973 watafiti watatu, Desjardins, Maruniak na Bronson, walitumia njia hii kuonyesha cheo cha panya. Karatasi ya dume mbabe huwa na madoadoa mengi madogo yaliyotapakaa kila mahali, mengine membamba kama mstari wa kalamu pale alipoburuta ncha ya uume wake, na kando ya kuta hujaa kuliko katikati. Karatasi ya dume aliyeshindwa huwa na madimbwi mawili hadi manne makubwa pembeni, na katikati ni peupe. Weka karatasi hizo mbili sambamba mezani na mwanafunzi ambaye hajawahi kusikia neno feromoni, yaani kemikali ya mawasiliano kati ya wanyama, atakuambia mwenyewe yupi ni bwana wa kizimba.

Ili upate namba, laza kipande cha plastiki angavu chenye miraba ya sentimita moja juu ya karatasi, kisha hesabu miraba yenye alama na miraba isiyo nayo. Piga picha kabla mwanga haujafifia. Usiguse karatasi kwa mikono mitupu wala usinunue karatasi iliyong'arishwa kiwandani, kwani dawa za kung'arisha hung'aa chini ya taa hiyo na kuzifunika alama. Kama taa haipatikani, nyunyizia kemikali iitwayo ninhidrini ndani ya kabati la kuvuta hewa na kuipasha moto karatasi kidogo. Alama zitakuwa za zambarau, ila karatasi hiyo haitafaa tena kwa jaribio la tabia.

Karatasi hiyo hiyo hukuwezesha kufanya jaribio la kujibu alama. Tandika karatasi katika eneo la dume mbabe, dondosha katikati yake mikrolita 10 za mkojo wa dume mgeni, na kwenye karatasi nyingine mikrolita 10 za mkojo wake mwenyewe. Mwenyeji hukimbilia kuweka alama zake karibu na ya mgeni. Hesabu miraba ndani ya duara la sentimita kumi kuzunguka tone, na ulinganishe.

Kupima protini

Kwa wingi wa protini tumia kipimo cha Bradford. Andaa mfululizo wa albumini ya ng'ombe kuanzia miligramu 0.1 hadi 1.0 kwa mililita, zimua mkojo wa dume mara 20 na wa jike mara 10, changanya na rangi, subiri dakika tano hadi kumi, na usome kwenye nanomita 595. Sampuli ikisoma juu ya mstari wa viwango, izimue tena badala ya kukisia.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Panya aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, na panya mwenye kiu hutoa mkojo mzito, bila ini lake kubadili chochote. Kwa sababu hiyo pima pia kreatinini, ambayo misuli huitoa kwa kiwango kisichoyumba sana, na ueleze matokeo kama miligramu za protini kwa kila miligramu ya kreatinini. Kipimo cha kawaida cha kreatinini hutumia asidi ya pikriki. Ihifadhi ikiwa na unyevu daima, kwa maana ikikauka inaweza kulipuka, na kama maabara yako ina chupa ya zamani yenye fuwele shingoni usijaribu kuifungua. Ita mhusika wa usalama.

Kisha endesha jeli. Zimua mkojo wa dume mara 10, changanya na bafa yenye sabuni ya SDS na kemikali ya kuvunja madaraja ya salfa, chemsha kwa nyuzi 95 kwa dakika tano, na upakie kiasi chenye mikrogramu 10 za protini katika jeli ya asilimia 15. Ukiipaka rangi ya Coomassie utaona utepe mnene chini kidogo ya kilodaltoni 20, na juu yake karibu hakuna kitu. Mara ya kwanza mtu akiuona utepe huo hudhani amekosea, kwa sababu sampuli za mwili kwa kawaida huonyesha ngazi ndefu ya tepe. Mkojo wa panya ni tofauti: protini za ukoo mmoja zimeushika karibu wote. Utepe mkali ukitokea karibu na kilodaltoni 66, hiyo ni albumini, na maana yake ni kwamba damu imeingia kwenye sampuli au mnyama ana ugonjwa wa figo. Sampuli hiyo iondoe katika jaribio.

Jeli hii hainasi tofauti kati ya protini zenye daltoni 18,700 na 18,893, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha saini ya mnyama mmoja mmoja wala kuthibitisha darsini. Kwa saini unahitaji jeli inayotenganisha protini kwa chaji zake, ambapo utepe ule mmoja hugawanyika kuwa kadhaa, na kwa darsini unahitaji spektromita ya uzito. Kama chuo chako hakina mashine hiyo, hifadhi kichupa kimoja cha kila mnyama kwa ajili ya kukipeleka penye mashine. Protini iliyogandishwa vizuri husafiri bila shida.

Chaguo kati ya alama mbili

Jaribio la tabia ndilo linalokuambia kama ulichokipima kina maana kwa mnyama. Andaa sanduku la urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, lenye sakafu ya kioo au plastiki inayosafishika. Mwache jike alizoee kwa nusu saa. Mtoe, weka kipande cha karatasi ya chujio kila upande, kimoja na mikrolita 10 za mkojo wa dume, kingine na mikrolita 10 za maji au za mkojo wa jike, kisha mrudishe na umtazame kwa dakika kumi. Panya ni mnyama wa usiku na nuru nyekundu huiona kwa shida, hivyo fanya kazi baada ya giza la chumba chake kuanza, ukitumia taa nyekundu yenye mwanga hafifu.

Rekodi mambo mawili tofauti: sekunde ambazo pua yake imegusa karatasi au kuikaribia kwa umbali wa sentimita moja, na sekunde ambazo yuko tu katika nusu hiyo ya sanduku. Tofauti hii inatokana na mwili wake. Kemikali tete huingia kwa pumzi na kufika kwenye pua ya kawaida, lakini protini haipandi hewani. Ili aipate, lazima panya aiguse kwa pua na kuivuta kwa umajimaji mpaka kwenye kiungo cha vomeronasali, kifuko chembamba kilicho chini ya ukuta wa pua, ambacho Ludwig Jacobson alikieleza mwaka 1813. Funika karatasi zote mbili kwa wavu unaopitisha harufu na kuzuia mguso, na utaona swali likibadilika. Jike ambaye hajawahi kuigusa alama ya dume yule havutwi sana na harufu yake ya hewani. Akiigusa mara moja alama yenye darsini, hujifunza harufu ya hewani ya dume yule na kuanza kuitafuta, na pia hukumbuka mahali ilipokuwa. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2012, kumbukumbu ya mahali ilidumu kwa siku 14 baada ya mguso mmoja.

Kwa hiyo panga kazi kwa siku mbili. Siku ya kwanza ruhusu mguso. Siku ya pili rudisha jike katika sanduku lile lile likiwa safi na bila alama yoyote, na upime anakaa upande upi. Usimtumie jike mmoja kwa sampuli mbili za madume tofauti ndani ya wiki hizo.

Anayetazama asijue upande upi una mkojo: mtu mwingine aweke karatasi na aandike namba za siri. Geuza pande kwa kila jike wa pili, kwa sababu sanduku karibu kila mara lina upande panya wanaoupenda, pengine kwa kivuli au kwa mlio wa feni. Badilisha glavu kati ya sampuli na sampuli. Safisha sanduku kwa maji ya moto, kisha kwa spiriti ya asilimia 70, na uliache likauke kabisa. Kamwe usitumie sabuni yenye manukato wala dawa ya misonobari. Katika chumba kimoja nilichowahi kufanyia kazi, mtu wa usafi alibadilishiwa dawa bila sisi kuambiwa, na kwa siku tisa majike wote walikaa pembeni wakijisugua uso badala ya kunusa. Tulitupa data yote ya siku hizo.

Kwa kuwa kila jike analinganishwa na yeye mwenyewe, takwimu zinazofaa ni za jozi, kama kipimo cha Wilcoxon cha alama na vyeo. Hesabu majike, usihesabu dakika. Jike mmoja aliyetazamwa mara sita bado ni mnyama mmoja.

Kutenganisha harufu na protini

Ukishaona kwamba mkojo mzima una athari, swali linalofuata ni sehemu ipi inayoileta. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni muda. Weka alama za kipimo kimoja kwenye vipande vya kioo, viache chumbani kwa saa sifuri, saa 24 na siku saba, kisha uvitumie vyote usiku mmoja. Protini itakuwepo katika vyote, lakini harufu itakuwa imeshuka hatua kwa hatua.

Njia ya pili ni kuwafukuza wageni waliojibanza ndani ya pipa. Menadioni, ambayo ni vitamini K3, huingia katika uwazi wa protini na kuzisukuma nje kemikali za asili. Mwaka 1998 Hurst na Beynon pamoja na wenzao waliitumia kuonyesha kwamba ni protini inayorefusha maisha ya harufu katika alama. Andaa daima sampuli ya maji yenye menadioni kiasi hicho hicho, ili ujue kama mnyama anaikwepa menadioni yenyewe. Njia ya tatu ni kupitisha mkojo kwenye safu fupi ya Sephadex G-25, ambayo hutoa protini kwanza na kuziacha nyuma molekuli ndogo zilizo huru. Zile zilizomo ndani ya pipa bado zitapita pamoja na protini, kwa hiyo usiiite sampuli hiyo safi mpaka umeiunganisha na njia ya pili.

Ukimtumia mgugunaji mwingine

Katika nyumba na ghala zetu nyingi panya anayenaswa zaidi ni Rattus rattus, na mashambani ni panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamemchunguza kwa miongo mingi. Hatua za karatasi, taa na sanduku la chaguo huwafaa wote, mradi sanduku likuzwe kulingana na mwili. Hatua ya jeli inahitaji tahadhari, kwani kila jamii imejenga mfumo wake. Katika Rattus norvegicus, ini la dume hutoa protini ya ukoo huo huo iitwayo alfa-2u-globulini. Kwa hamsta wa Syria lipokalini yenye kazi hiyo ni afrodisini, nayo hutoka kwa jike, katika ute wa uke, na humsukuma dume kupanda. Panya buku, yule anayefundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, huweka alama kwa kusugua mashavu na kwa kuburuta makalio, hivyo anayemngoja akojoe juu ya wavu atakuwa anatazama sehemu isiyo sahihi ya mwili.

Kwa jamii ambayo hujawahi kuipima, tumia wiki ya kwanza kumtazama tu mnyama juu ya karatasi na kuandika ni sehemu gani ya mwili inayogusa sakafu, ukuta na mwenzake. Futa sehemu hiyo kwa pamba safi iliyoloweshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kamua pamba ndani ya kichupa, na uendeshe jeli kwa mkojo na kwa majimaji ya pamba, sambamba, katika jeli moja. Utepe ulio chini ya kilodaltoni 20 ukitokea kwa dume na usitokee kwa jike, au kinyume chake, hapo ndipo pa kuanzia jaribio la chaguo.